Vita vya Iraq na Kuwait, 1990–1991: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mbona "Vita vya Ghuba" ni vingi? Hivi ni vipi hasa?

Watu huvichanganya kwa sababu ni vitatu. Vya kwanza ni vya Iraq na Iran, Septemba 1980 hadi Agosti 1988. Vya pili, ambavyo ndivyo tunavyovizungumzia hapa, vilianza Iraq ilipoivamia Kuwait alfajiri ya tarehe 2 Agosti 1990 na vikaisha mwisho wa Februari 1991. Vya tatu ni vya 2003, Marekani na Uingereza zilipoingia Iraq na kumng'oa mtawala wake, Saddam Hussein. Anayetaka kuvielewa vya pili asianzie Agosti 1990. Aanzie vile vya kwanza, maana bili yake ndiyo iliyoipeleka Iraq mlangoni kwa Kuwait.

Basi kwa nini Iraq ilimvamia jirani aliyekuwa akiisaidia?

Jibu la barazani ni "mafuta". Si uongo, ila halitoshi. Nchi zote mbili zilikuwa na mafuta tele. Kila moja ilikadiriwa kuwa na karibu moja ya kumi ya akiba yote ya dunia iliyojulikana wakati ule. Hakuna aliyekuwa na njaa ya mafuta. Kilichokosekana Baghdad ni fedha taslimu, na kwa maoni yangu hivi vilikuwa vita vya deni kabla ya kuwa vita vya kitu kingine chochote.

Tazama hesabu zenyewe. Mwaka 1980 Iraq iliingia vitani na Iran ikiwa na akiba ya fedha za kigeni ya zaidi ya dola bilioni 30. Miaka minane baadaye ilitoka na deni linalokadiriwa kufika dola bilioni 80, miji ya kusini ikiwa magofu, na jeshi la karibu watu milioni moja ambao ungewarudisha nyumbani wangekuta hakuna kazi. Sehemu kubwa ya deni hilo ilikuwa mikononi mwa ndugu wa Ghuba, hasa Saudia na Kuwait. Kuwait peke yake ilikuwa imetoa zaidi ya dola bilioni 10.

Saddam aliona hilo si deni. Hoja yake ilikuwa kwamba Wairaq wamemwaga damu kuyakinga mataifa ya Kiarabu ya Ghuba na mapinduzi ya Iran, na waliotoa hundi tu hawana uso wa kudai. Kuwait ilikuwa na sababu yake ya kutofuta: mpaka kati ya nchi hizo mbili haukuwa umewekewa alama ardhini, na deni lilikuwa karata nzuri ya kuja nayo mezani siku ya kuuzungumza. Nao wakopeshaji wa Ulaya na Japani walikuwa wameanza kubana. Dawa ya deni ni kulipa, lakini Saddam aliona dawa nyingine: kummeza anayemdai pamoja na visima vyake.

Bei ya mafuta ilihusika vipi?

Sana. Karibu mapato yote ya Iraq kutoka nje yalikuwa ya mafuta. Mwanzoni mwa 1990 pipa liliuzwa karibu dola 20. Kufikia Juni lilikuwa limeporomoka hadi karibu dola 14. Saddam alisema kila dola moja inayoshuka inaikosesha Iraq dola bilioni moja kwa mwaka. Kwa nchi inayodaiwa hivyo, hilo ni pigo.

Wa kulaumiwa, kwa mujibu wa Baghdad, walikuwa Kuwait na Falme za Kiarabu. OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, ilikuwa imempangia kila mwanachama kiwango chake cha kuzalisha, na Kuwait, iliyopangiwa mapipa milioni 1.5 kwa siku, ilikuwa ikizalisha zaidi ya hapo waziwazi. Hili halibishaniwi. Kinachosahaulika ni kwa nini ilifanya hivyo. Kuwait haikuwa inaishi kwa kuuza mafuta ghafi peke yake. Ilimiliki viwanda vya kusafisha mafuta na maelfu ya vituo vya petroli huko Ulaya, pamoja na hisa katika makampuni makubwa ya Ujerumani na Uingereza. Kuna miaka mwishoni mwa miaka ya 1980 ambapo uwekezaji wake wa nje uliingiza fedha nyingi kuliko mafuta. Mafuta ghafi yakishuka bei, vituo vyake vya Ulaya vinapata faida. Iraq haikuwa na mto huo wa kulalia.

Mwisho wa Mei 1990, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Kiarabu uliofanyika Baghdad kwenyewe, Saddam aliwaambia wenzake kuwa kushusha bei namna hiyo ni aina ya vita. Katikati ya Julai waziri wake wa mambo ya nje, Tariq Aziz, aliandikia Jumuiya ya Nchi za Kiarabu akiitaja Kuwait kwa jina. OPEC ikakutana Geneva, na tarehe 27 Julai ikakubali kupandisha bei lengwa kutoka dola 18 hadi 21. Yaani kwa upande wa bei Iraq ilipata sehemu kubwa ya ilichokuwa inadai, na siku sita baadaye ikavamia. Hapo ndipo hoja ya "bei tu" inapovunjika.

Ni kweli Kuwait ilikuwa ikiiba mafuta ya Iraq chini ya ardhi?

Hilo lilikuwa shtaka la Iraq, na thamani iliyotajwa katika barua ya Tariq Aziz ni dola bilioni 2.4. Linahusu Rumaila, mojawapo ya hazina kubwa kabisa za mafuta duniani. Sehemu kubwa iko Iraq, magharibi ya Basra, lakini ncha yake ya kusini inavuka mpaka na kuingia Kuwait, ambako huitwa Ratqa.

Mafuta hayakai chini kama ziwa. Yamejaa katika vitundu vya miamba, na hukimbilia pale ambapo mgandamizo umepungua. Ni kama kisima cha maji mpakani mwa viwanja viwili: anayechota usiku na mchana atachota na ya jirani bila hata kuvuka uzio. Kwa hiyo Kuwait haikuhitaji kufanya ujanja wowote ili kunufaika na mafuta yaliyoanzia upande wa pili. Iraq ilidai zaidi ya hapo, kwamba visima vilichimbwa kwa mshazari kupita chini ya mpaka. Kuwait ilikanusha. Ninachokiona mimi ni kwamba nchi mbili zinazogawana hazina moja bila mkataba wa kugawana zitagombana hata kama hakuna mwizi.

Je, Kuwait iliwahi kuwa sehemu ya Iraq?

Hapana, ingawa hoja ya Iraq haikuzuka hewani. Chini ya Waothmani, dola ya Kituruki iliyotawala eneo lile, Kuwait ilihesabiwa kwenye karatasi kuwa chini ya Basra, huku ukoo wa Al-Sabah ukijitawala kwa vitendo. Mwaka 1899 Sheikh Mubarak alifanya mapatano ya siri na Waingereza, wakawa walinzi wake. Iraq yenyewe kama dola iliundwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1922 Percy Cox, afisa wa Uingereza, aliamua mipaka ya eneo lile katika mkutano wa Uqair.

Kuwait ilipopata uhuru kamili Juni 1961, mtawala wa Iraq wa wakati huo, Abdul Karim Qasim, aliidai palepale. Waingereza wakarudisha askari, kisha majeshi ya nchi za Kiarabu yakachukua nafasi yao. Qasim alipopinduliwa na kuuawa mwaka 1963, serikali mpya ya Baghdad iliitambua Kuwait kwa maandishi. Saini hiyo ndiyo inayolimaliza swali hili.

Kilichobaki ni bahari. Iraq ina pwani fupi sana, chini ya kilomita 60, na bandari yake ya Umm Qasr inafikiwa kwa njia nyembamba ya maji inayopita kandokando ya visiwa viwili vya Kuwait, Warba na Bubiyan. Njia nyingine, Shatt al-Arab, ilikuwa imezibwa na mabaki ya meli zilizozama katika vita na Iran. Ukishika ramani mkononi utaelewa kwa nini kila mtawala wa Baghdad, awe mfalme au rais, amevitamani visiwa vile.

Ni kweli Marekani ilimruhusu Saddam avamie?

Tarehe 25 Julai 1990 Saddam alimwita balozi wa Marekani, April Glaspie. Kumbukumbu za kikao zilizotolewa baadaye na Iraq zinamwonyesha akisema Marekani haina msimamo kuhusu ugomvi wa mipaka baina ya Waarabu. Alisisitiza pia kwamba ugomvi umalizwe bila nguvu. Wanaoamini njama husoma sentensi ya kwanza na kuiacha ya pili.

Nadhani lilikuwa onyo legelege kwa mtu ambaye alikuwa amezoea kutoonywa. Wakati wa vita na Iran, Marekani na wengine wengi walimsaidia Saddam au walifumba macho, hata alipotumia gesi ya sumu dhidi ya Wakurdi wa Halabja mwaka 1988. Hakuwa na sababu ya kudhani safari hii itakuwa tofauti. Na siku moja kabla ya uvamizi, wajumbe wa Iraq na Kuwait walikuwa Jeddah wakizungumza, mazungumzo yakavunjika.

Uvamizi wenyewe ulikwendaje?

Haraka. Vikosi vya Walinzi wa Jamhuri, askari teule wa Saddam, vilivuka mpaka usiku wa manane, na mchana wa siku ileile mji mkuu ulikuwa mikononi mwao. Amiri Jaber al-Ahmad alifanikiwa kukimbilia Saudia, na serikali ya uhamishoni ikakaa Taif. Mdogo wake, Sheikh Fahad, aliuawa kwenye kasri la Dasman. Wapenda soka huenda wanamkumbuka: ndiye aliyeteremka uwanjani kwenye Kombe la Dunia la 1982 huko Hispania, Kuwait ikicheza na Ufaransa, akagomea bao hadi mwamuzi akalifuta.

Kwanza Iraq ilisimika serikali ya vibaraka, lakini tarehe 8 Agosti ikaitangaza Kuwait kuwa sehemu ya Iraq, na kabla ya mwezi kwisha ikaiita mkoa wa 19. Jambo la ajabu zaidi lilitokea tarehe 15 Agosti. Ili apate kuondoa askari wake upande wa mashariki, Saddam aliandikia Iran akikubali karibu kila sharti la mpaka ambalo alilipigania miaka minane.

Kwa nini dunia iliitikia kwa kauli moja safari hii?

Nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa ilikuwa imefutwa kwenye ramani na jirani yake. Nchi ndogo zote zilijiona hapo. Vita Baridi vilikuwa vinaisha, na Moscow haikupiga kura ya turufu kumwokoa rafiki yake wa zamani. Na bila shaka, aliyeishika Kuwait alikuwa amefika mpakani mwa Saudia. Ingekuwa nchi inayolima ndizi sidhani askari nusu milioni wa Marekani wangesafirishwa.

Baraza la Usalama lililaani uvamizi siku ileile kwa azimio la 660, likaweka vikwazo tarehe 6 Agosti, na tarehe 29 Novemba likapitisha azimio la 678 lililoipa Iraq hadi 15 Januari 1991 kuondoka. Kura zilikuwa 12 za ndiyo, 2 za hapana (Cuba na Yemen), na China haikuegemea upande. Afrika ilikuwa na viti vitatu, vya Zaire, Ethiopia na Côte d'Ivoire, na vyote vilisema ndiyo.

Kura zile zilikuwa na bei. Misri, iliyopeleka jeshi, ilifutiwa na Marekani deni la kijeshi la karibu dola bilioni 7. Yemen, iliyosema hapana, ilikatiwa msaada wa dola milioni 70. Hata kwa upande wa ushirika wa nchi zilizoungana na Marekani dhidi ya Iraq, basi, deni lilikuwa silaha.

Vipi ile habari ya watoto wachanga kutolewa kwenye mashine?

Oktoba 1990 msichana aliyetajwa kwa jina moja tu, Nayirah, aliwaambia wabunge wa Marekani kwa machozi kwamba aliwaona askari wa Iraq wakiwatoa watoto njiti kwenye mashine za hospitali na kuwaacha sakafuni wafe. Baada ya vita ilibainika kuwa alikuwa binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kwamba ushahidi wake ulikuwa sehemu ya kampeni iliyoendeshwa na kampuni ya mahusiano ya umma. Wachunguzi waliokwenda Kuwait hawakupata uthibitisho.

Haimaanishi kwamba ukaliaji ulikuwa wa upole. Watu walikamatwa, waliteswa, waliuawa mbele ya nyumba zao, na mamia walichukuliwa hadi Iraq. Orodha ya Kuwait ya waliopotea ilikuwa na majina 605. Uongo ule uliwaharibia hao waliokuwa na ya kweli ya kusema.

Mapigano yalichukua muda gani?

Mabomu ya Marekani na washirika wake yalianza usiku wa 17 Januari 1991 na yakaendelea kwa zaidi ya wiki tano. Vita vya ardhini vilianza 24 Februari na kusimamishwa baada ya saa 100. Wamarekani waliouawa vitani hawakufika 150. Kwa Wairaq hesabu ni za makumi ya maelfu. Tarehe 13 Februari ndege za Marekani zilipiga handaki la Amiriyah mjini Baghdad ambamo raia walikuwa wamelala, wakafa zaidi ya 400. Wapangaji wa mashambulizi walisema walidhani ni kituo cha kijeshi.

Kwa nini waliondoka wakichoma visima? Na moto ulizimwaje?

Walijiandaa mapema. Wahandisi wa Iraq walifunga baruti kwenye vichwa vya visima na kurundika mifuko ya mchanga ili mlipuko uelekee chini badala ya kutawanyika. Lengo la kijeshi lilikuwa moshi wa kuficha vifaru. Lakini kufikia siku za mwisho za Februari hapakuwa na kifaru cha kuficha tena, na zaidi ya visima 600 vilikuwa vinawaka. Siwezi kuliita hilo jingine zaidi ya kisasi: kama hatukipati, nawe hukipati.

Katika jiji la Kuwait, kuna siku upepo ulipogeuka na madereva wakawasha taa saa sita mchana. Masizi yalitua kwenye nguo zilizoanikwa, na mvua ikinyesha ilikuwa nyeusi. Kila siku yaliungua mamilioni ya mapipa, mengi kuliko nchi ilivyokuwa ikiuza wakati wa amani.

Wataalamu wa mwanzo walitabiri miaka. Shida haikuwa moto wenyewe tu. Kwanza ilibidi kutegua mabomu ya ardhini yaliyotegwa kuzunguka visima. Pili, maji: jangwa halina maji ya kuzimia chochote. Ufumbuzi ulikuwa wa akili sana. Mabomba yaliyokuwa yakipeleka mafuta kutoka visimani hadi baharini yaligeuzwa mwelekeo, yakawa yanapeleka maji ya bahari hadi visimani, na karibu na kila kundi la visima likachimbwa bwawa.

Halafu kazi yenyewe: kumwagia maji hadi chuma kipoe, kuondoa kichuguu cha mafuta yaliyoungua na kugandia mdomoni mwa kisima, kukata kichwa kilichopasuka, kushusha vali mpya wakati mafuta bado yanaruka juu, kisha kusindilia tope zito hadi mgandamizo uzidiwe. Visima vingine vilizimwa kwa baruti, mlipuko ukiunyang'anya moto hewa yake. Wahungaria walikuja na kifaru cha zamani cha Kisovieti kilichofungwa injini mbili za ndege ya kivita ya MiG-21. Injini zilipuliza maji kwa nguvu ya kimbunga na kuupuliza moto kama mshumaa. Timu zilitoka Marekani, Kanada, Iran, China na kwingine, na Wakuwait wenyewe walikuwa na kikosi chao, akiwemo mhandisi Sara Akbar, mwanamke pekee katika kikosi hicho. Kisima cha mwisho kilifungwa tarehe 6 Novemba 1991, yaani ndani ya miezi tisa hivi.

Kuzima moto hakukumaliza madhara. Mafuta ambayo hayakuungua yalituama mabondeni yakawa maziwa, mamia ya maziwa, na ndege wa kuhama walitua humo wakidhani ni maji. Masizi, mchanga na kokoto vilishikana vikawa tabaka gumu lililofunika karibu asilimia 5 ya ardhi ya Kuwait. Baharini, mamilioni ya mapipa yaliyomwagwa makusudi mwezi Januari yalichafua mamia ya kilomita za pwani ya Saudia.

Ni akina nani walioumia zaidi?

Waliotajwa kidogo kuliko wote. Wengi wa wakazi wa Kuwait hawakuwa raia. Walikuwa wafanyakazi wa kutoka nje. Walikimbia jangwani hadi Jordan na mabegi, wengi bila mshahara wa mwezi ule na bila pasipoti, kwa sababu pasipoti ilikuwa kwa tajiri. India ilifungua daraja la anga kutoka Amman hadi Bombay, karibu safari 500, ikawarudisha watu zaidi ya 170,000.

Wapalestina waliokuwa Kuwait walikuwa karibu 400,000, wengine wamezaliwa humo: walimu, mafundi, makarani waliojenga nchi. Kiongozi wao, Yasser Arafat, alipoonekana kumuunga mkono Saddam, wao ndio waliolipa. Baada ya ukombozi wengi walifukuzwa au kunyimwa kurudi, na waliobaki walikuwa makumi machache ya maelfu tu. Saudia nayo, kwa hasira ya msimamo wa Yemen, iliondoa masharti nafuu ya ukaazi na Wayemeni takriban 800,000 wakarudi kwao ghafla. Nchi maskini kabisa ya Rasi ya Arabuni ilipoteza fedha zilizokuwa zikitumwa nyumbani kila mwezi na papo hapo ikapata vinywa vya kulisha.

Na Afrika ililipa kwa damu pia: tarehe 21 Machi 1991, vita vimekwisha, ndege ya kijeshi ya Saudia ilianguka ikiwa imebeba askari wa Senegal, wakafa 92.

Kisha Wairaq. Machi 1991 Washia wa kusini na Wakurdi wa kaskazini waliinuka dhidi ya Saddam, wakitiwa moyo na Rais George Bush (baba) wa Marekani mwenyewe, halafu wakaachwa wapigwe kwa helikopta. Vikwazo vikabaki hadi 2003. Dinari, ambayo kwa bei ya serikali ilikuwa na thamani ya takriban dola 3, ilifika mahali dola moja inauzwa kwa zaidi ya dinari 1,000 mtaani. Familia ziliishi kwa mgawo wa kila mwezi wa unga, mchele, sukari, chai na mafuta ya kupikia, unaochukuliwa kwa mwenye duka wa mtaa kwa kadi. Ile takwimu ya watoto nusu milioni waliokufa kwa vikwazo imekosolewa vikali na tafiti za baadaye, na si vizuri kuendelea kuirudia. Lakini aliyeuza milango ya nyumba yake apate kula hahitaji takwimu.

Afrika Mashariki iliguswaje?

Kwanza kwenye pampu. Uvamizi na vikwazo viliondoa sokoni zaidi ya mapipa milioni 4 kwa siku. Bei ikapanda kupita dola 40 mwezi Oktoba 1990, hadi Saudia ilipofungulia mabomba yake kuziba pengo. Usiku mabomu yalipoanza, soko lilipoona visima vya Saudia viko salama, bei iliporomoka kwa zaidi ya dola 10 kwa siku moja.

Miezi sita ya bei kubwa inaonekana michache ukiwa Houston, jiji la mafuta la Marekani. Kwa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi ilikuja wakati mbaya kabisa, maana Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kupangiana viwango vya kahawa ulikuwa umevunjika na bei ya kahawa imeanguka. Kahawa ndiyo iliyokuwa ikileta dola za kununulia mafuta. Ulikuwa unauza kwa bei ya chini na kununua kwa bei ya juu katika mwaka mmoja.

Pili, na hili ni zito zaidi, Agosti 1998. Osama bin Laden, kiongozi wa kundi la al-Qaeda, aliwahi kuwaahidi watawala wa Saudia kwamba wapiganaji wake wangewalinda na Saddam. Wakamkatalia, wakawaita Wamarekani. Kuwepo kwa askari hao katika nchi ya Makka na Madina ndiko alikokufanya kuwa hoja yake kuu. Operesheni ya kuwapeleka ilianza tarehe 7 Agosti 1990. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu ya wafuasi wake yalilipuka kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam na kuua watu 224, wengi mno wakiwa Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia.

Gharama ililipwa na nani?

Marekani ilikadiria gharama ya operesheni yake kuwa dola bilioni 61, na zaidi ya bilioni 50 zililipwa na wengine: Saudia na Kuwait karibu bilioni 16 kila moja, Japani na Ujerumani zikifuatia. Kuwait iliweza kulipa kwa sababu tangu 1976 ilikuwa ikiweka kando asilimia 10 ya mapato yake kwa ajili ya vizazi vijavyo. Vita na ujenzi mpya viliuchota mfuko huo zaidi ya dola bilioni 80.

Iraq nayo ilitozwa fidia. Umoja wa Mataifa uliunda tume iliyopokea madai milioni 2.7 hivi, na ikaamua walipwe dola bilioni 52.4, zikikatwa moja kwa moja kwenye mauzo ya mafuta ya Iraq. Mwanzoni hadi asilimia 30, baadaye asilimia 5 na 3. Kitu kimoja kilifanywa vizuri: watu binafsi walilipwa kwanza. Kibarua aliyelazimika kukimbia aliweza kupata kiwango cha dola 2,500 hadi 4,000 bila mlolongo wa ushahidi. Shirika la mafuta la Kuwait, lenye tuzo kubwa kuliko zote ya dola bilioni 14.7, lilisubiri. Malipo ya mwisho yalitolewa Januari 2022. Kijana wa Basra aliyezaliwa miaka kumi baada ya vita alikuwa bado anakatwa kulipa deni la vita vilivyoanzishwa ili kukwepa deni.

Kwa nini hawakumwondoa Saddam palepale 1991?

Azimio la 678 lilihusu kuikomboa Kuwait, na nchi za Kiarabu zilizoleta majeshi zilikubali hilo tu. Washington pia ilihofia Iraq ikivunjika Iran itanufaika. Mwaka 2003 hofu hiyo iliwekwa kando, na kilichofuata kinajulikana.

Ugomvi wa mpaka umekwisha?

Wa nchi kavu, ndiyo. Umoja wa Mataifa uliweka alama za mpaka, Baraza la Usalama likauthibitisha kwa azimio la 833 mwaka 1993, na Iraq ikaukubali Novemba 1994, ingawa wapo Wairaq wa Umm Qasr wanaosema mashamba na nyumba zao vilibaki ng'ambo.

Wa majini bado. Mwaka 2012 nchi hizo zilitia saini makubaliano ya kusimamia meli katika Khor Abdullah, ile njia nyembamba ya kwenda Umm Qasr. Septemba 2023 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Iraq iliibatilisha sheria iliyoyaridhia, ikisema bunge halikufikisha theluthi mbili. Kuwait imepinga uamuzi huo. Wakati huohuo Kuwait inajenga bandari kwenye kisiwa cha Bubiyan, na Iraq inajenga yake kubwa zaidi huko Faw, upande wa pili wa maji yaleyale.